Njia ya mbao toka nyumbani mpaka majini: namna ya kuijenga ikae

Mtu akipata kiwanja cha ufukweni, iwe bahari, ziwa au mto, kitu cha kwanza anachokiwaza ni mbao, aina gani, rangi gani, ipigwe vanishi au iachwe hivohivo. Mi nasema anza kinyume. Njia hizi hazifi kwenye ubao unaoukanyaga, zinafia chini, pale nguzo inapotokea kwenye udongo, pale boliti inapopita, na ule mkanda ambao maji yanaufunika na kuuachia kila siku. Ubao wa juu ukioza unaung'oa unaweka mwingine asubuhi hiyohiyo kabla chai haijapoa, ila nguzo ikioza hapo unajenga upya. Kwa hiyo hela na akili ziende chini kwanza, na maelezo haya mengi yatakuwa ya huko huko chini, ya juu tutayapitia harakaharaka.

Yajue maji yako

Kabla hujachora chochote ujue maji yanafika wapi siku mbaya kuliko zote, sio siku ile uliyokuja kuonyeshwa kiwanja. Baharini sehemu nyingi maji yanajaa mara mbili kwa siku, toka kujaa mpaka kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, ndo maana muda unasogea kila siku na fundi asiyejua hilo atakuja na vifaa vyake akute kina cha kiunoni. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, linakuja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na mabamvua makubwa ya mwaka mara nyingi yanaangukia karibu na Machi na Septemba. Juu ya hapo weka hali ya hewa: mgandamizo wa hewa ukishuka hektopaskali 1 bahari inapanda kama sentimita 1, kwa hiyo dhoruba iliyoushusha kwa 30 imeshakuongezea sentimita 30 za maji kabla hujahesabu upepo na mawimbi yenyewe.

Ziwani hakuna kujaa na kupwa kwa kukuonea macho lakini usidanganyike, ziwa linaweza likakaa chini miaka mingi watu wakajenga wakasahau, afu mvua zikikusanyika misimu kadhaa linarudi kudai eneo lake. Mtoni shida sio kina tu, ni magogo na takataka zinazoshuka na mafuriko zikagonga nguzo zako au zikajazana hapo mpaka njia ikawa bwawa.

Namna ya kujua ni rahisi, inataka subira tu. Angalia mstari wa mwani mkavu na vijiti vilivyoachwa juu kabisa ya ufukwe, angalia doa kwenye mawe na kuta za jirani, ulizia wazee walioishi hapo muda mrefu wakuonyeshe kwa kidole maji yaliwahi kufika wapi, sio kwa maneno, kwa kidole. Alafu simika mti wako mwenyewe, uchore alama kila sentimita 10, usome siku za bamvua kama uko baharini au msimu wa mvua kama uko ziwani. Ukishapata hiyo namba ya juu kabisa ongeza urefu wa wimbi la pale kwako, na hapo ndo upande wa CHINI wa boriti zako unapotakiwa kuanzia. Narudia, upande wa chini wa boriti, maana wengi wanapima usawa wa ubao wa juu afu wanashangaa.

Kwa nini nang'ang'ania hapa? Wimbi likipita chini ya njia iliyokaa juu yake halina shida, ila likigonga fremu toka chini linaisukuma kwenda juu, na mbao zenyewe zinataka kuelea, so to speak zinalisaidia wimbi. Njia iliyopigiliwa misumari inang'oka vipande vipande namna hii, unakuta nguzo zote zimesimama wima na juu hakuna kitu.

Kama huwezi kupandisha juu kiasi hicho, labda unaziba mandhari ya jirani au hela haitoshi, kuna njia mbili nyingine. Moja ni kukubali kwamba itazama siku chache kwa mwaka, hivyo unafunga kila kitu kwa boliti na juu unaweka wavu wa faibaglasi wenye matundu ili maji yapenye badala ya kusukuma. Ya pili ni kuifanya ielee, nitaigusa mbele. Kuna na hii ya kuijenga kwa vipande vinavyotoka, sio mpya hata kidogo, ile njia maarufu ya mbao ya Atlantic City kule Marekani ilipojengwa mara ya kwanza 1870 (walitaka watu wasiingize mchanga kwenye mahoteli na mabehewa ya treni) ilikuwa ya vipande vya kuondolewa, msimu ukiisha vinatolewa vinahifadhiwa. Kwa nyumba ya mtu mwenye msimu mmoja mbaya unaojulikana, mi naona ni wazo zuri kuliko watu wanavyolichukulia.

Kibali, na mstari wa kupita

Kibali tafuta kabla ya mbao. Nchi nyingi ule ukanda kati ya maji kujaa na maji kupwa sio wako hata kama hati inasema kiwanja kinafika ufukweni, na mara nyingi kuna ofisi zaidi ya moja zinazohusika, mazingira, maji, saa ingine bandari. Nenda na mchoro wenye vipimo vya urefu toka usawa wa maji, sio picha ya simu. Na mpima aje akuwekee mipaka, maana ugomvi wa ufukweni kati ya majirani hauishi.

Njia yenyewe isishuke moja kwa moja kutoka mlangoni mpaka majini kama mrija. Kwenye vilima vya mchanga uwazi ulionyooka kuelekea upepo unakuwa mfereji wa upepo na maji, unakula kilima chako taratibu, kwa hiyo ikunje, ipite kwa pembe. Majani na mizizi ya kingo usiing'oe ili upate nafasi ya kufanyia kazi, hiyo mizizi ndo inayoshika kiwanja chako kisiende na maji.

Upana: sentimita 90 inamtosha mtu mmoja, mita 1.2 watu wawili wanapishana kwa kupisha bega, na kama kuna mwenye kiti cha magurudumu weka sehemu za kugeuzia za mita 1.5 kwa 1.5. Mteremko wa kiti usizidi mita 1 ya kushuka kwa mita 12 za kwenda, na 1 kwa 20 ni bora zaidi, hata bibi mwenye fimbo atakushukuru. Zaidi ya mita 1.5 kwa nyumba ya kawaida sioni sababu, unaongeza gharama na kivuli tu.

Na kivuli ni jambo la kweli. Chini ya njia kama kuna nyasi za bahari, mikoko michanga au majani ya kinamasi, vyote vinataka mwanga, ukivinyima vinakufa na udongo unabaki mtupu. Miongozo ya Florida kwa njia zinazopita juu ya mimea ya namna hii inataka upana usizidi futi 4, kama mita 1.2, na sakafu iwe angalau futi 5, kama mita 1.5, juu ya wastani wa maji kujaa. Hata kama haupo huko, mantiki ni ileile popote: nyembamba na juu, na mianya kati ya mbao.

Nguzo

Kwanza jua unasimama kwenye nini. Chukua nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 2 hivi, isimamishe, iegemee kwa uzito wako. Ikizama mita nzima bila kugombana hilo ni tope, nguzo za kawaida zitakusumbua. Ikikataa sentimita 20 au 30 za mwanzo, sogea hatua moja ujaribu tena, inawezekana umegonga jiwe moja tu au mzizi. Fanya hivyo kila sehemu itakayosimama nguzo na uandike, utashangaa udongo unavyobadilika ndani ya mita tano.

Kwenye mchanga njia ninayoipenda ni ya kupiga maji. Unatafuta pampu ya maji ya inchi 2, unaiunganishia bomba refu la chuma, unalifunga kando ya nguzo mdomo ukitokea chini kidogo ya ncha. Pampu ikiwaka maji yanatoka kwa nguvu kule chini na mchanga unalegea, unakuwa kama uji, na nguzo inaanza kushuka yenyewe wakati watu wawili wameishika na wa tatu anaangalia timazi. Usiikimbize. Izungushe kidogo kidogo kushoto na kulia, ikifika kwenye alama zima pampu, chomoa bomba taratibu, na uishikilie wima dakika kadhaa wakati mchanga unajishindilia kuizunguka, baada ya hapo ukiitikisa utaona haitaki. Kwenye udongo mgumu wa mfinyanzi au mawe hii haifanyi kazi, na kama kibali chako kinakataza kuchafua maji uliza kwanza.

Kwenye tope refu kuna nguzo za chuma za kuzungusha, zina jani kama la skrubu kwa chini, zinazamishwa kwa mashine ndogo ya mkononi na unaweza kuzibebesha mzigo siku hiyohiyo. Ni ghali kwa moja moja lakini hazichimbi, hazimwagi zege, na kipimo cha nguvu ya kuzungusha kinakuambia zimeshika kiasi gani. Na kama ni kinamasi kisicho na mawimbi, njia fupi ya chini tu, hata nguzo huhitaji, unalaza magogo mazito au mbao nene chini kwa kukatisha, boriti mbili au tatu juu yake, afu mbao. Inakaa na inaweza kuhamishwa.

Kina cha kuzamisha: angalau theluthi moja ya nguzo nzima iwe ardhini, na kwenye mchanga laini unaohamahama mi naenda nusu kwa nusu. Sababu ni kwamba maji yakizunguka nguzo yanaongeza kasi na kuchimba shimo miguuni, shimo hilo linaweza kufika mara moja na nusu mpaka mbili ya unene wa nguzo, tena huo ni mchimbo wa nguzo peke yake, ufukwe mzima nao unaweza kushuka dhoruba ikipita. Nchi za baridi kali nguzo iende chini ya kina ambacho ardhi inaganda, la sivyo barafu itazinyanyua moja moja.

Zege kuzunguka nguzo ya mbao? Watu wengi hawawezi kulala bila zege. Kwenye sehemu yenye unyevu zege linaishika mbao, mbao inasinyaa kidogo, maji yanaingia kwenye mwanya na hayatoki. Mchanga na changarawe iliyoshindiliwa vizuri inatosha mara nyingi. Kama lazima iwe zege basi tengeneza msingi wa zege unaotokeza juu na nguzo ikae juu yake kwenye kiatu cha chuma.

Mbao gani, na nani anaila

Mbao ikizama moja kwa moja kwenye tope pasipo hewa haiozi kirahisi, ukungu unaoozesha unahitaji oksijeni, ndo maana Venice imesimama juu ya magogo ya mbao kwa mamia ya miaka. Inayooza ni ile sehemu inayolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Kwa hiyo kwenye nguzo uiangalie sehemu hiyo, sio ncha.

Lakini kwenye maji ya chumvi kuna adui mwingine, teredo. Watu wanamwita mdudu au mnyoo ila kwa ukoo wake ni ndugu wa chaza, anaingia akiwa mdogo sana kwa tundu dogo kama la sindano, afu anatoboa ndani kwa ndani huku akikua. Nguzo kwa nje unaiona nzima kabisa, ndani imebaki kama mkate. Ukiigonga na nyundo ikalia wazi badala ya kulia mzito, jua ameshahamia. Kinga zake ni mbao zilizosukumiwa dawa kwa presha za daraja la baharini (sio za daraja la uzio, uliza na usome lebo), au mbao ngumu zenye sifa hiyo kama azobe, au kuivisha nguzo gamba la plastiki nene toka chini ya tope mpaka juu ya maji makubwa, likibana vizuri anakosa hewa hata aliyekuwa ndani. Au achana na mbao kwenye nguzo uweke faibaglasi au zege lililotengenezwa kiwandani, juu ukabaki na mbao zako. Kwenye maji baridi ya ziwa na mto teredo hakusumbui, hapo mbao iliyotiwa dawa ya kugusa ardhi inatosha.

Kila ukikata mbao yenye dawa umefungua mlango, maana dawa haifiki katikati. Pakaa dawa ya shaba kwenye kila mkato na kila tundu la boliti, hapohapo, sio jioni. Na mkato wa kiwandani ndo uelekee chini ardhini, ule wako ubaki juu ukiwa umekatwa kwa mshazari au umevishwa kofia.

Vyuma

Hapa ndo watu wanabana hela na hapa ndo njia nyingi za baharini zinapofia. Misumari ya kawaida isahau. Gavanaizi ziko aina mbili, ile inayong'aa vizuri dukani imepakwa zinki kwa umeme, zinki yake nyembamba sana, hewa ya chumvi inaimaliza haraka. Unayoitaka ni iliyochovywa kwenye zinki ya moto, rangi yake ya kijivu iliyofifia na ina vimabonge kidogo, haipendezi, chukua hiyo. Ukiweza kwenda stenilesi chukua ya daraja la 316 kwa maji ya chumvi, ina molibdenamu (madini ya kuzuia kutu) ambayo daraja la 304 haina, 304 itaanza kutoa madoa ya kahawia na kwenye mianya itaoza kweli.

Na usichanganye. Boliti ya stenilesi na washa ya gavanaizi kwenye chumvi ni betri, zinki inaliwa haraka. Hata dawa ya mbao inahusika: Marekani mbao za majumbani zilikuwa zinatiwa dawa yenye arseniki mpaka mwisho wa 2003 ilipoondolewa kwa matumizi hayo, zilizokuja baada yake zina shaba nyingi, na shaba hiyo inashambulia gavanaizi nyepesi ndani ya mbao usikoona. Kwa hiyo mtu anayekuambia baba yake alitumia misumari hiyo hiyo miaka 20 anaweza kuwa anasema kweli, ila mbao zilikuwa nyingine.

Maungio ya nguzo na boriti yawe boliti za kupita upande hadi upande, milimita 12 kwa kwenda juu, mbili kila ungio, zisikae mstari mmoja wima ili zisipasue, na washa pana kila upande. Boriti mbili zikiibana nguzo kushoto na kulia ni ungio zuri kuliko kuikata nguzo meno.

Fremu

Tuseme njia ya upana wa mita 1.2, nguzo mbili mbili kila baada ya mita 2.4. Hesabu ya kawaida ya sakafu ya nyumbani ni kilo 200 hivi kwa kila mita ya mraba. Hapo kipande kimoja toka jozi ya nguzo mpaka jozi inayofuata ni mita za mraba 2.88, yaani kama kilo 576 za watu, mbao zenyewe kama ni laini weka kilo 50 kwa kila mita ya urefu, 120, jumla karibu kilo 700, kila nguzo inabeba 350. Sasa kama unajua kuna siku za sherehe watu watajazana hapo kupiga picha, tumia hesabu ya njia za umma, karibu kilo 500 kwa mita ya mraba, na utaona mzigo wa nguzo unafika karibu 800. Hapo ndo unaelewa kwa nini tope lile la nondo tulilipima.

Boriti za urefu ziwe nne, katikati yake sentimita 40. Za inchi mbili kwa sita zinatosha kwa mita 2.4 kwa mzigo wa nyumbani, mi naweka mbili kwa nane, tofauti ya bei ni ndogo na haitingishiki. Nguzo zikizidi mita 1.2 juu ya ardhi zifunge msalaba, lakini msalaba ukae juu ya maji ya kawaida, ukikaa ndani utadaka kila takataka inayopita. Juu ya kila boriti bandika utepe wa lami au wa butili (aina ya mpira unaonata) kabla ya mbao, maji yanayotuama kati ya ubao na boriti ndo yanayoozesha boriti toka juu, na huu utepe ni kitu cha bei ndogo chenye faida kubwa kuliko vanishi yoyote.

Jenga ukitokea nchi kavu ukielekea majini, kila kipande ukikimaliza ndo kinakuwa jukwaa la kujengea kinachofuata. Haukanyagi tope, hauharibu mimea, na vifaa havizami. Usawa usiutafute kwa pima maji fupi peke yake, makosa yanajikusanya, tumia mpira mwembamba unaoona ndani uliojaa maji bila povu, ncha moja kwenye nguzo ya kwanza na nyingine kwenye nguzo unayoipima, maji yakitulia usawa ni ule ule hata kama zimeachana mita 15. Pembe za mraba zipate kwa uzi, pembetatu yenye pande za 3, 4 na 5.

Mbao za juu na reli

Zilale kwa kukatisha njia, sio kwa urefu, gurudumu na kisigino visiingie kwenye mwanya. Unene wa milimita 38 unakwenda mpaka sentimita 60 kati ya boriti, wa 25 usizidi 40. Mwanya milimita 5 au 6 kwa mbao kavu. Mbao mbichi yenye dawa ibananishe zaidi maana itasinyaa na mwanya utajitengeneza, na usizidi milimita 13 kama kuna magurudumu. Skrubu mbili kila boriti, urefu wake mara mbili na nusu ya unene wa ubao, sentimita 2 hadi 2.5 toka ukingoni, na mbao ngumu itobolewe kwanza. Mbao za plastiki zinatanuka kwa jua, fuata mwanya wa mtengenezaji, zinataka boriti za karibu zaidi, na mchana peku utaruka.

Utelezi unaletwa na ukungu wa kijani, hasa kivulini. Mifereji iliyochongwa kwenye ubao inasaidia kidogo kuliko inavyouzwa, vipande vyenye chenga za mchanga vilivyogundishwa vinashika kweli.

Sakafu ikiwa zaidi ya sentimita 75 toka chini weka reli, urefu toka sentimita 90 mpaka mita 1.07, na mianya isiyopitisha kitu cha sentimita 10 maana mwili wa mtoto mdogo ukipita kichwa kinaweza kunasa. Pale sakafu isipofika urefu huo wa 75 weka kingo ya sentimita 10 pembeni. Ngazi ya kutokea majini iwepo mwisho wa njia hata kama hamuogelei, anayeanguka hajapanga.

Taa ziwe za volti 12 au za jua. Umeme wa nyumba ukifika majini lazima uwe na kikatizi cha miliampia 30 na afunge fundi umeme mwenye leseni, maji yenye umeme yanaua mtu bila hata kumgusisha waya. Kama kasa wanataga ufukwe wako taa nyeupe zinawapoteza watoto wao wanaotafuta bahari, weka za rangi ya kaharabu au nyekundu, chini na zilizofunikwa.

Ikiwa itaelea

Pipa la lita 200 linanyanyua kama kilo 190 likizama lote, lihesabie nusu tu. Kipande cha mita 1.2 kwa 3 chenye uzito wa kilo 150, watu wanne wa kilo 80, jumla 470, mapipa matano kwa hesabu, weka sita, matatu kila ukingo na kati pawe wazi. Hata hivyo upana wa 1.2 unayumba, mita 1.8 inatulia. Pipa lililobeba kemikali usilitumie.

Daraja la kuunganisha nchi kavu na kinachoelea linapigiwa hesabu mbovu mno. Kama maji yanashuka mita 3, daraja la mita 6 litakuwa na mteremko wa 1 kwa 2, hiyo ni ngazi. Mita 12 zinakupa 1 kwa 4, bado kali lakini inapandika.

Ukaguzi

Siku nzuri ya kukagua ni bamvua wakati maji yamekupwa chini kabisa, miguu ya nguzo iko wazi. Nenda na nyundo na bisibisi ya zamani. Gonga kila nguzo usikilize, chomeka bisibisi pale udongo unapoanza na pale maji yanapoishia, ikizama zaidi ya sentimita moja bila nguvu weka alama ya rangi. Pima mashimo miguuni mwa nguzo uandike ili mwakani ulinganishe. Kaza nati, mbao zimesinyaa, zote zitakuwa zimelegea mwaka wa kwanza. Juu sugua kwa brashi ngumu na maji, mashine ya presha inachana nyuzi za mbao na mwezi unaofuata ukungu unarudi mwingi zaidi. Na baada ya kila dhoruba pita chini kabla watoto hawajapita juu.